Bei ya Kumwangusha Bingwa

Usinikunjie pua, nilikuwepo. Dukani kwetu hapa Palma, Msumbiji, hukaa mzee mmoja, zamani bingwa wa mieleka mpaka Mtwara. Siku hizi wageni wa kampuni za gesi wanamlipa ajiangushe mkekani, wapigwe picha wamemkalia kifuani.

Jana mume wangu, aliyebwagwa na mzee huyo mbele yangu siku za uchumba wetu, akatoa noti. "Na mimi nikuangushe, shehe."

"Wewe hapana."

"Nalipa mara mbili."

Mzee akazitazama noti, akameza mate. "Mgeni anapanda ndege na picha yake. Wewe utaisimulia habari yangu msikitini mpaka nife."

Mume wangu akanigeukia. "Bibi, niongezee kidogo."

Aibu inayosafiri inauzika. Inayobaki mtaani haina bei. Sikumpa kitu. Nikatoka, nikawafungia mlango, wamalizane bila shahidi.