Firigisi ya Baba Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja nilipiga magoti mbele ya baba mkwe, nusu ya firigisi ikiwa kiganjani mwangu, nisijue niile, niirudishe, au nikimbie nayo kichakani. Mpaka leo, mwanangu, ukiniuliza nani alikuwa sahihi siku ile, nitakutazama tu. Lakini kaa kwanza. Zima hiyo pikipiki, weka chini hicho kifuko cha chipsi, maana chakula cha kula umesimama hakijui kimeingia kwa nani.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetolewa kwetu Shinyanga nikaletwa huku Geita. Mume wangu alikuwa dereva wa Mfaransa mmoja aliyepima mawe upande wa Rwamgasa, nami nikapata kazi ya kumpikia mkewe pale mjini. Tulimwita Mama Luka, kwa jina la mwanawe. Kiswahili alikiokota Kongo. Kilichechemea, lakini kilifika.

Watu wale walikuwa wanakula, mwanangu. Sisemi walikuwa walafi, kuku mmoja aliwatosha siku mbili. Nasema walikula kama wengine wanavyosali. Mkate kila mlo. Majani mabichi yanakuja baada ya nyama, usiniulize kwa nini. Halafu jibini, linanuka kama miguu ya mchimbaji aliyevua buti, nao wanafumba macho kwa utamu. (Wewe usicheke, samli ya bibi yako nayo wageni waliikimbia.) Wakila cha mchana wanazungumza cha jioni. Na kila tonge lazima lisemwe: hiki kimeiva, hiki chumvi kidogo, hiki kinanikumbusha nyumbani. Kwetu mtoto akisifia chakula mdomo umejaa anaulizwa kama kwao hawapiki. Kwao ukinyamaza mpishi anaona umemtukana. Nikawa napika huku kichwa kinazunguka.

Siku moja akaniuliza, "Na wewe, unakula saa ngapi?"

"Baadaye, mama."

"Baadaye ndiyo wapi? Mimi nataka kuiona."

Ndivyo alivyojialika kwetu.

Baba mkwe akachinja jogoo. Sasa sikiliza hapa, maana ninyi mnanunua firigisi kwa fungu sokoni hamjui ilikuwa nini. Firigisi ilikuwa ya baba mwenye mji. Mwanamke aliisafisha, akaipika, akaipeleka, basi. Mama mkwe wangu alikuwa amezipika tangu meno ya mume wake yakiwa kamili mpaka yakaanza kudondoka, na hakuna hata moja iliyopita kooni mwake. Na mkamwana, zaidi ya hayo, hali chakula mbele ya baba mkwe. Aliyethubutu alirudishwa kwao akafundwe upya, na si wote waliofuatwa tena.

Mgeni akakalishwa mkekani pamoja na baba na mume wangu, wakala ugali na kuku na mlenda. Mama Luka akamaliza sahani yake, akaipangusa kwa tonge la mwisho mpaka ikang'aa. Kwao hiyo ni adabu. Mama mkwe alikuwa akichungulia kutoka jikoni, akashtuka. "Bado ana njaa huyo, ongeza." Nikaongeza. Akapangusa tena. "Huko kwao wana njaa gani?" akanong'ona mama mkwe. Nikaongeza tena, na mgeni wa watu jasho likaanza kumtoka.

Ndipo akaiona firigisi imekaa peke yake pembeni ya bakuli la baba. Uso ukamchanua. Akasema kijijini kwao wanaikaanga kwa mafuta ya bata bukini, wanaiweka juu ya majani, na mpishi ndiye huonja wa kwanza. Baba kwa ukarimu akamsogezea: mgeni haonyeshwi kitu akanyimwa. Mama Luka akaikata katikati, nusu akampa baba, nusu akanigeuzia mimi niliyekuwa nimepiga magoti na maji ya kunawa.

"Wewe ndiye umepika. Kula. Uniambie iko namna gani."

Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mimi. Nikila, nimemvunjia heshima mkwe wangu. Nikikataa, nimemwaibisha mgeni wake nyumbani kwake. Mume wangu akainamisha kichwa kama aliyepoteza shilingi mchangani.

Baba mkwe akanigeukia. "Mkamwana, kitu cha mgeni hakirudishwi. Kula."

Nikauma. Nikatafuna. Macho yote kinywani mwangu.

"Enhe," akasema baba. "Ikoje? Mimi sijawahi kuulizwa."

"Ngumu, baba," nikasema, maana ndilo neno pekee lililokuja.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ngumu kweli. Mimi wala siipendi. Naila kwa sababu ni yangu."

Kipande kilichobaki nikakifinya kwenye pindo la khanga, nikaenda nacho jikoni, nikampa mama mkwe. Alikitazama. Akakiweka mdomoni, akaugeukia ukuta. Akatafuna polepole mno, kama Mama Luka na jibini lake. Mwishowe akasema neno moja tu: "Tamu." Mabega yakawa yanatikisika, na sikujua alikuwa anacheka au analia, wala sikuthubutu kumzunguka nikaone uso wake.

Basi nani alikuwa anaheshimiwa miaka yote ile? Anayeila haipendi, anayeipenda haili. Nimeligeuza jambo hili mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na bado linaniteleza kama mlenda. Wafaransa walirudi kwao. Mila haikuvunjwa: jogoo aliyefuata, firigisi yake ikaenda kwa baba kama kawaida. Ila baba akashika shavu. "Jino linaniuma," akasema, akaiacha bakulini, na bakuli likarudi jikoni. Na jogoo aliyefuata, jino tena. Mama mkwe alikuwa akipokea lile bakuli, anasema, "Jino la baba yenu haliponi," kisha anafunga mlango.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiidharau mila ya kwenu kwa sababu umeona ya wengine, lakini usiibebe bila kuuliza inamlisha nani. Kaa chini ukila. Sema chakula ni kitamu wakati aliyekipika bado anasikia. Na kabla hujafikisha tonge mdomoni, tazama upande wa jikoni: kuna mtu kule anakula "baadaye". Mwachie kitu kizuri, hata kama ni kwa kusingizia jino.

Mungu akujalie nyumba ambayo sufuria haikauki na mpishi haendi kulala na hamu. Meno yako yadumu, na siku yakikuuma, yaume kama ya baba mkwe wangu.