Majani ya Chai Kutoka Nyumbani

Kanisani kwetu Edmonton, huku ughaibuni, waliniaga kwa heshima zote. Walipika pilau, wakaniombea, wakanifunga leso mabegani, maana nilikuwa nimetangaza kwamba narudi Kenya kabisa. Siku ya safari ikafika, nikaogopa. Nirudi nikafanye nini na umri huu? Sikupanda ndege, wala sikumwambia mtu. Nikahamia Tooting, upande wa pili wa jiji hilo hilo, kimyakimya.

Jumamosi iliyopita, natoka dukani kwa Mhindi, nikakutana ana kwa ana na yule dada aliyenifunga leso.

"Kumbe umerudi! Lini?"

"Juzi tu." Ulimi huu, laiti ningeuzaba kofi!

"Na mama?"

"Mzima. Anakusalimia sana."

Akacheka, akanyoosha mkono. "Haya, umetuletea nini?"

Nani hutoka nyumbani mikono mitupu? Nikapekua mfuko wangu, nikampa paketi ya majani ya chai ya Kenya, niliyoinunua dakika hiyo hiyo.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaona kibandiko cha bei ya pauni, akakibandua kwa ukucha, taratibu, bila kuniangalia.

"Asante, dada. Ukimpigia mama simu, naye msalimie."