Makofi ya Kimya Ukumbini Ruiru

Wiki jana niliketi nyuma ya ukumbi mmoja Ruiru, walimu wakifunzwa kufundisha watoto wenye usonji. Asubuhi yote mkufunzi alituambia kelele za ghafla huwaumiza watoto hao, kwa hivyo tuwapongeze kwa kupunga mikono.

Saa sita ndipo alipofika afisa wa kufungua mafunzo. Emsii, mwongozaji wa hafla, akaitisha makofi ya kilo, yale ya kupigwa pamoja kwa kishindo. Mwalimu mmoja wa Makongeni akainua mikono, akaipunga kimya. Ukumbi mzima ukamfuata.

"Walimu, nimesema makofi," emsii akarudia.

"Ndiyo haya," mwalimu akajibu, mikono ingali juu. "Yale mengine tumeyaacha leo asubuhi."

Afisa alisimama akitutazama, asijue ashukuru au aketi. Sikumhurumia. Kuna watoto wanaoingia darasani wakiwa wamepotea hivyo kila siku, na hakuna anayewaeleza kinachoendelea.