Mkono wa Maman Mwadi

Maman Mwadi hapendi kuulizwa alitoka kwao Likasi kwa sababu gani. Ukimuuliza atakujibu, "Nilikuya, tu," halafu atageukia sufuria yake. Mimi ndiye ninayewahudumia wateja wake tangu afungue mgahawa huu hapa Brussels, karibu na Porte de Namur, na kwa muda mrefu jibu hilo nililipokea kama lilivyo. Mengine niliyapata vipande vipande, siku za uchovu, tukimenya vitunguu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mumewe alikula chakula alichopikiwa na Mwadi, samaki na bukari, ugali wao wa unga wa mahindi na muhogo. Jioni hiyohiyo tumbo likamshika, na kesho yake akafia hospitali. Kwenye matanga, kilio kama wao wasemavyo, hakuna aliyemtukana Mwadi. Hakuna aliyetaja sumu wala uchawi. Walichofanya ni kutokula. Mama mkwe, mawifi, majirani, kila aliyewekewa sahani na Mwadi alisema asante, ameshiba. Kwao mtu mmoja akikataa chakula cha mkono wako, huenda ameshiba kweli. Ukoo mzima ukishiba kwa mpigo, wewe umeshahukumiwa na hakuna pa kukata rufaa.

Wakamchukua mwanawe wa pekee, Hénock, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Akalelewa na wifi mkubwa, Marie-Claire, ambaye wadogo zake humwita Yaya, yaani dada mkubwa, na katika nyumba hiyo akakua akiamini kwamba mama yake alimuua baba yake kwa sahani ya samaki. Sasa Hénock ni mwanamume mwenye ndevu. Simu za mama yake hapokei. Maman Mwadi humpigia kila Jumapili akitoka misa, husikiliza ikiita mpaka ikatike, kisha huvaa aproni. Mgahawa anaupenda, lakini ukimpa achague kati ya mgahawa huu na sauti ya mtoto yule kusema alo, atakukabidhi funguo hapohapo.

Halafu kuna Donat. Huyu ni mdogo wake marehemu, anaishi Molenbeek na anaendesha basi dogo la watalii. Haipiti wiki bila kuja kwetu. Hukaa meza ya dirishani, huagiza soda ya chupa, na chupa huifungua mwenyewe kwa kifunguo kilichoning'inia kwenye funguo za basi. Chakula hajawahi kugusa, hata kipande cha mkate. Nilimuuliza Maman Mwadi mara nyingi kwa nini asimtimue.

"Ni shemeki yangu," hunijibu. "Mulango haifungwe kwa shemeki."

Mimi ni mtu wa Tanga na hasira zangu ziko karibu. Ingekuwa shemeji yangu, soda hiyo ningemwagia kichwani.

Ajabu ni kwamba Donat huyohuyo ndiye aliyetuletea Anaïs. Anaïs ni binti wa Kibelgiji anayewatembeza watalii mjini wakila, na alikuwa amechoka kuwarudisha kila siku kwenye chipsi, gofri na chokoleti. Donat, dereva wake, akamwambia kuna mama anapika vizuri pale Ixelles. Vizuri! Mtu ambaye hajaonja! Anaïs akaja, akala, akalamba vidole. Akasema ataleta kundi la kwanza Jumamosi, na wakila vizuri, Jumamosi zote zitakuwa zetu. Wasipokula atatafuta pengine.

Kundi lenyewe lilikuwa Waingereza sita. Nikaguna. Kabla ya kuja Ulaya nilifanya kazi hotelini Pangani, na Waingereza wa likizo nawajua wako wa namna mbili. Wa kwanza husafiri na majani yake ya chai, na akiona chakula chenye macho anapauka. Wa pili anamcheka huyo wa kwanza. Yeye amekuja kula kama wenyeji wanavyokula, na ana kanuni zake alizozisoma mahali. Huyu wa pili ndiye anayenichosha zaidi, maana wa kwanza ukimpa yai na chipsi mmemalizana.

Waliingia saa ya chakula cha mchana, Donat nyuma yao, akaenda moja kwa moja dirishani kwake. Siku hiyo mgahawa ulikuwa wao peke yao. Maman Mwadi alivaa kitenge kipya. Alitoka jikoni na beseni na jagi, akapita kwa kila mgeni kumwagia maji mikononi, kama anavyofanya kwa kila mtu. Walifurahi mno. Walipiga picha maji, walipiga picha kitenge. Nikaleta samaki wazima na vichwa vyao, sombe, yaani kisamvu cha karanga, na bukari la moto. Wakapiga picha na hizo.

"Lavli," akasema mmoja.

"Lavli," wakaitikia wengine.

Basi, ikaishia hapo. Mama mmoja, Lorraine, alimfunika samaki wake uso kwa kitambaa cha karatasi, taratibu, kama anayemfumba macho marehemu. Mwingine alikuwa anaihamisha sombe kutoka upande huu wa sahani kwenda ule. Hakuna aliyekunja uso. Walikuwa na adabu ya kupindukia, wanatabasamu, wananiambia kinanukia vizuri. Na midomo haiendi.

Maman Mwadi alisimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha kufutia mikono amekikaba kwa ngumi mbili. Nilimtazama nikaona hayupo Brussels. Yupo kwenye matanga, na watu wanamwambia asante.

"Nuru, banasema nini?"

"Wanasema kinapendeza, Maman."

"Sikuulize kama inapendeza. Juu ya nini habakule?"

Anaïs alikuwa ameanza kuangalia saa. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa Kifaransa cha chini chini kama hatuna hata viazi vya kukaanga. Ndipo akakiri kwamba njiani, pale uwanjani Flagey, wageni waliona foleni ya chipsi wakashuka na kujaza matumbo. Nilihisi damu inanipanda kichwani. Mtu unasafiri, unavuka bahari, unalipia kulishwa chakula cha watu, halafu unakwenda kula viazi kwanza ili ukifika ushindwe!

Kabla sijamjibu, mzee mmoja wa kundi hilo akaniita. Jina lake Keith, mwekundu shingoni, mwenye sauti ya ualimu. Alikuwa yule wa namna ya pili. Akasema asingependa nimwelewe vibaya. Chipsi yeye hakula, amebaki na njaa yake makusudi. Ila ana kanuni moja akiwa nchi za watu, na haijawahi kumwangusha: anakula pale tu anapowaona wenyeji wanakula. Na hapa ndani, akasema, mwenyeji ni yule bwana wa dirishani. Ametuendesha tangu asubuhi na hajatia kitu kinywani. Amekuja kukaa penye chakula, hali. Hata soda amefungua mwenyewe. Kuna jambo ambalo bwana yule analijua na sisi hatulijui?

Mtu mzima wa Likasi leo ndiye mwenyeji wa Brussels, sawa, hilo ningelicheka siku nyingine. Lakini mgeni huyu, kwa muda wa kunywa glasi ya maji, alikuwa ameliona jambo ambalo sisi wote humu ndani tulikuwa tunalipita pembeni.

"Anasema nini ule muzungu?" Maman Mwadi akauliza.

"Hamna, Maman. Anauliza habari ya pilipili."

"Nuru. Sema yote. Usichuje."

Nikamwambia yote. Donat alisikia vilevile, maana sauti yangu ilikuwa imepanda bila mimi kutaka. Akaiweka chupa mezani.

Maman Mwadi aliingia jikoni. Alirudi na sahani, samaki mzima, sombe, bukari. Akaiweka mbele ya Donat, akalichukua lile beseni na jagi na kuvishika mbele yake.

"Nawa mikono, Donat."

"Shemeki, mi nashiba."

"Ile neno niliisikiaka. Leo nawa."

"Bon, shemeki, si mbele ya batu…"

"Kilio nayo ilikuwa mbele ya batu."

Waingereza wakageuka kutazama. Lugha hawakuijua, lakini mtu yeyote anajua mama aliyesimama na beseni namna ile si wa kuchezewa. Donat akawatazama wale, akamtazama Anaïs, bosi wake, ambaye alikuwa anamkonyeza ale basi. Akanyoosha mikono. Maji yakamwagika juu ya vidole vyake. Akakata tonge. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya kwenye sombe, akaliinua. Tonge likaishia kifuani. Jasho lilimtoka kwenye kipara. Nilimwombea mabaya, nakiri. Nilisema moyoni, mwoga we, utakula leo au utatoka humu huna sura.

"Unaogopa?" Maman Mwadi akamuuliza, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Miaka yote ile uko naniogopa?"

"Siogope."

"Alors?"

Donat alilirudisha tonge kwenye sahani. Aliongea akiliangalia.

"Hata siku moja sikukuogopa. Docteur alinielezeaka mi mwenyewe. Asema kidonda ya mu tumbo ilipasuka, ilikuwa ya zamani. Nilijua mbele ya kilio. Lakini ile siku njaa ilikosekana, shemeki. Ndugu yangu iko mu sanduku, kumeza ilinishinda. Ukaniletea sahani, nikasema nashiba. Tu ile. Yaya Marie-Claire akaangalia sahani yangu, akasukuma yake. Kisha mama. Kisha bote. Nikatafuta kusema, mudomo ikakatala. Kesho yake ikakuwa nguvu zaidi. Nikikula sasa, bataniuliza: donc, ule wakati ulikatalaka juu ya nini?"

Mimi nilikuwa nimeshika trei tupu, na nilitamani kumpiga nayo. Sumu ningeielewa, uchawi ningeuelewa, watu huogopa. Lakini mtu alikosa hamu ya kula, basi, akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake mama akanyang'anywa mtoto. Halafu anakuja kila wiki kunywa soda, eti anatuletea wateja! Nilimwangalia Maman Mwadi nikidhani ataanguka. Hakuanguka. Aliweka beseni chini, akavuta kiti, akakaa mkabala naye.

"Kula," akasema.

Donat akala. Alikula kama mtu anayebeba gunia, tonge baada ya tonge, macho chini. Na kule mezani nikasikia Keith akisema, haya, sasa tunaweza. Akampasua samaki wake. Lorraine akamfunua wake uso. Baada ya muda walikuwa wanaulizana kama kijani hiki kina karanga ndani, na mmoja anaomba pilipili zaidi. Anaïs alininyooshea kidole gumba juu, anameremeta. Jumamosi zote zilikuwa zetu. Maman Mwadi hakugeuka hata kuwatazama.

"Simu yako iko wapi?"

"Shemeki…"

"Piga Likasi. Iweke haut-parleur, bote tusikie."

Donat alifuta kidole kimoja akapiga. Iliita kidogo tu. Sauti ya mama mtu mzima ikatoka, na nyuma yake redio inaimba nyimbo za kanisa.

"Alo, Donat? Kuko nini? Unagonjwa?"

"Hapana, Yaya Marie-Claire. Niko nakula."

"Bon appétit, alors. Kwa nani?"

"Kwa Mwadi."

Redio ilisikika peke yake. Kisha mtu akaizima.

"Mwadi mugani?"

"Bibi ya ndugu yetu. Niko kwake, nakula samaki yake. Yaya, haikukuwaka sumu. Docteur aliniambia, mi nilijua. Kwa kilio nilikosa njaa, tu. Niliona munakatala bote, nikanyamaza."

Nilidhani simu imekatika. Donat naye alikiangalia kioo cha simu. Maman Mwadi hakupepesa macho.

"Donat," ile sauti ikasema mwishoni, na ilikuwa imezeeka ghafla. "Donc ule mutoto, tulikuwa tunamufundisha nini?"

Maman Mwadi akaichukua simu. Hakusalimu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Yaya, Hénock iko?"

"Mwadi…"

"Iko ao haiko?"

"Iko inje. Iko natengeneza moto yake, ile pikipiki."

"Mwite."

Tukasikia kandambili zinaburuzwa sakafuni, mlango, na mbali kidogo jina linaitwa. Maman Mwadi aliirudisha simu mezani, karibu na sahani ambayo bado ilikuwa na nusu ya samaki.

"Utasema tena, Donat, yote. Na mudomo ikuwe na chakula yangu ndani."

Donat akakata tonge jingine.