Mfumo Umekataa Tarehe ya Msiba

Leo mtu kanipigia simu kunitukana, eti tovuti yangu imekataa tarehe ya kifo cha baba yake.

Kwa wasiojua, mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya kikundi chetu cha kuzikana hapa Nyabiyonza. Ukifiwa, unajaza jina la marehemu na tarehe, kikundi kinakuletea turubai na masufuria.

Ukikosea tarehe, haikufokei. Inakwambia kwa upole: "Pole kwa msiba. Tarehe hii bado haijafika. Tafadhali irekebishe."

Jamaa kasoma hayo, kaona mfumo ni mbovu.

"Kwani mzee amefariki lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa."

Leo Jumanne, ndugu zangu.

"Ijumaa ipi?"

"Hii inayokuja! Daktari kasema hamalizi wiki, na likizo yangu inaisha Jumapili. Nataka niwahi turubai kabla wengine hawajalichukua."

(Mtoto mwenye mipango huyu. Mungu awape wazazi wote watoto wa hivyo.)

Nikawasha pikipiki hadi kwao. Mzee yuko kitandani, kabaki mifupa, ila macho makali. Mwanawe kasimama hapo hapo na simu mkononi. Kumbe alinipigia akiwa chumba hicho hicho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huo mfumo wako, tarehe ya leo unaikubali?"

"Unaikubali, mzee."

"Basi weka ya leo. Jina, andika la huyu."

Akamnyooshea mwanawe kidole.

Nimeshajaza kila kitu. Semeni wenyewe, nibonyeze au nisibonyeze?