Komamanga ya Balagizi na Moyo wa Mama

Mama yangu alianguka akiwa ameshika maikrofoni, katikati ya ushuhuda kwamba Mungu amemponya moyo.

Sitanii. Ilikuwa Jumapili, kanisani kwetu kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, watu wanapiga makofi.

"Mi niliacha vidonge vya presha!" Mama alisema huku anacheka. "Ninakunywa tu komamanga ya mtoto wangu Balagizi. Moyo yangu iko ya msichana!"

Aleluya! Makofi tena.

Halafu maneno yakaanza kumtoka kama mtu mwenye chakula kinywani. Mdomo ukapinda. Akaenda chini.

Mi nilikuwa nyuma, na wanakwaya. Sikujua kama aliacha dawa. Mi, Lucien, mtoto wa tumbo lake, nilisikia siku ile ile pamoja na kanisa nzima.

Sasa huyo Balagizi ni nani?

Si ndugu yangu wa damu. Mama yake alikufa Bukavu, Mama yangu akamchukua. Tulipokimbia vita Kongo tulilala chini ya kitenge kimoja, sisi watatu. Leo anaishi Area 36, Lilongwe, anauza juisi ya komamanga. "Juisi ya moyo," njo anaiita hivyo.

Kila wiki alimletea Mama chupa, bure. Nilikuwa namwambia mke wangu, "Angalia, ule njo mtoto."

Tulimpakia Mama kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ikisukumwa na watu wanne, mpaka kliniki. Wakampeleka Lilongwe na ambulansi.

Daktari alikuwa mama mmoja Mmalawi, mpole.

"Kwa nini aliacha dawa?"

"Anakunywa komamanga, dokta."

Akashusha pumzi. "Komamanga ni tunda zuri. Linasaidia mishipa ya damu, linaweza hata kushusha presha kidogo. Ale tu. Lakini ale pamoja na dawa. Haliwezi kushika nafasi yake."

Asubuhi nikaenda Area 36. Simu ya Balagizi ilikuwa imezimwa, na mi nilitaka mtu wa kulia naye.

Mlango ulikuwa wazi. Balagizi alikuwa amesimama na kikombe cha maji, vidonge viwili mkononi. Aliponiona akafunga ngumi.

"Unameza nini?"

"Ya kichwa tu, ndugu."

Mke wake, Douce, alikuwa anaosha chupa za juisi. Akaacha.

"Balagizi, sema. Ama mi nitasema."

Balagizi akaficha ngumi mgongoni.

"Shemeji," Douce akaniambia, macho chini, "ni ya presha. Ni ya Mama."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

Kumbe Balagizi naye ana presha. Alimwambia Mama aache kumeza dawa, juisi inatosha, ila aendelee kuzichukua kliniki kila mwezi, halafu ampe yeye akagawie wagonjwa wa Lilongwe wenye hawana.

Mgonjwa wa Lilongwe alikuwa yeye.

"Haukuweza kwenda kuchukua zako?" nikamuuliza.

"Wateja wangeniona kwenye foleni, Lucien. Mi nauza juisi ya moyo! Nani angenunua tena?"

"Na Mama?"

"Nilifikiri komamanga itamtosha."

"Mbona we haikukutosha?"

Akaanza kulia. Zamani machozi yake yangeniumiza. Siku ile niliyaangalia kama maji ya bomba.

Sikumpiga. Nilitoka, nikakaa pembeni ya barabara kama mlevi, mpaka mama mmoja anayeuza nyanya akaniuliza kama niko sawa.

Mama yuko hai. Mkono wa kulia haushiki kitu, nsima, ule ugali wa huku, namlisha mi. Alipopata nguvu kidogo nilimwambia yote. Nilitaka amlaani. Kweli nilitaka.

Aligeuka ukutani. Halafu akauliza, kwa ulimi mzito:

"Sasa ye anapata dawa wapi?"

Nililia pale pale. Mi sina moyo kama ule, na sijamsamehe Balagizi. Sitawadanganya.

Wapendwa, kuleni komamanga, halina kosa. Ila mtu akikuambia uache dawa, muulize kwanza yeye mwenyewe anameza nini.