Sanda ya Mama na Pomboo Watatu

Mwishoni mwa miaka ya sabini mji wa Mahajanga, kwa fujo za kutuua na kutufukuza, ulitushinda sisi wenye asili ya Ngazija, tukahamia kijiji cha Ambanoro, kisiwani Nosy Be. Nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha mtoto wa mjini. Mama, mjane, alikuja na sanduku moja, na chini kabisa iliwekwa sanda yake: vipande vitano vya bafta alivyoletewa na mjomba wake kutoka Makka, vimechovywa maji ya Zamzam. Wenzake walihamia na cherehani. Yeye alihamia na maandalizi ya kufa.

Pale kijijini ilikuwa mwiko kuosha sufuria yenye masizi baharini siku ya Jumanne. Mama alinionya mapema. Lakini kisima kilikuwa mbali, bahari ilikuwa mlangoni, nami nilikuwa mvivu. Jumanne moja nikaiosha sufuria baharini, haraka haraka, nikasahau kifuniko mwambani.

Ijumaa wakaonekana pomboo watatu wamekufa ufukweni.

Kila mtu alikuwa na jibu, maana majibu hayauzwi. Kibarua wa kiwanda cha sukari cha Dzamandzar aliapa kwamba wamekunywa maji machafu ya kiwandani wakafa kwa ulevi. Mwenyewe alikuwa akinuka ramu asubuhi ile. Mwalimu wa shule alisema dunia imeinama kidogo, amesoma mahali, hakumbuki wapi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema wanawake siku hizi wanacheka sana. Hakuna hata mmoja wao aliyeinama kuwatazama. Mimi niliinama. Hawakuwa na jeraha. Mmoja alikuwa akivuja maziwa mchangani.

Kisha mzee wa kijiji akainua kifuniko chetu, chenye mkono uliofungwa kwa waya, akauliza kwa Kimalagasi ni cha nani.

Mama alikitazama kifuniko, akanitazama mimi. "Changu," akasema. "Nimeosha mimi."

Kwa watu wale pomboo alikuwa jamaa, na jamaa hazikwi uchi. Aliyevunja mwiko ndiye atoe nguo nyeupe. Duka la karibu halikuwa na nguo nyeupe, ila kila jirani alijua kilichomo sandukuni mwetu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejigamba nacho. Mama akaingia ndani, akatoka na sanda. Kila pomboo akapata kipande kimoja. Mzee akavitazama viwili vilivyobaki, akauliza kama yule mkubwa hawezi kuongezewa. Mama akamjibu kwamba hata Zamzam ina mwisho.

Hakunipiga. Angenipiga ningepona. Badala yake nilikaa miaka kule nikiwaona watu wakiugeukia mlango wetu kila nyavu ziliporudi tupu, na yeye akiwaamkia kwa adabu, nami nikiwa nimefunga mdomo.

Nilipoolewa tulirudi Mahajanga, Mama akiwa nasi. Nilikwisha kuota mvi pomboo walipokuja kufa tena, sasa ufukweni mwa mji wetu, safari hii wengi kuliko niliowahi kuona. Majibu yakaanza upya: chama kile, waganga hawa, vijana na nguo zao. Wakaja wataalamu na glovu na masanduku ya barafu. Nikamuuliza mmoja wao, msichana, kwa Kifaransa: wamekufa kwa nini? Akasema labda kelele za meli, labda maradhi, labda wamepotea njia. Kwa kweli bado hawajui. Amesoma miaka yote hiyo na bado ana adabu ya kusema sijui! Ningekuwa na mtoto wa kiume ambaye hajaoa, ningemposea palepale.

"Na sufuria yenye masizi?" nikamuuliza. Akacheka, akidhani namtania.

Nikapanda bajaji mpaka nyumbani. Mama alikuwa kitandani, amebaki mifupa na ulimi.

"Mama, hatukuwa sisi."

"Nilijua siku ileile," akasema. "Sufuria yenyewe uliirudisha na masizi yake yote. Kwani uliosha nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Basi kama si sisi, nenda ukanidaie sanda yangu." Mimi sikuweza kucheka.

Alifariki kabla ya mvua. Sandukuni nilivikuta vile vipande viwili, vimekuwa rangi ya chai. Vitatu vilivyopungua nilivinunua dukani, bafta ya kawaida, nikampelekea mwosha maiti. Akavitandaza, akauliza mbona sanda haifanani.

"Vitatu wamezikwa navyo pomboo," nikamwambia.

Alinishika mkono kwa huruma, akaniambia nikae mkekani, msiba umenizidi. Nikaukataa mkeka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mbele ya wanawake wote waliojaa chumbani, nikasema kwamba ile sufuria niliiosha mimi.